Simu za Kabatini

Machi 4, Jumanne

Ofisi ya maji imeingia maji. Sitanii. Mvua ya kwanza tu, paa limesalimu amri, chumba cha simu kimekuwa bwawa. Msimamizi ametugawia kila mmoja kompyuta na hedifoni, akasema tukapokee simu za wateja tukiwa majumbani mpaka mvua ziishe na paa litengenezwe. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilimshukuru Mungu hadi nikaona haya. Tangu binti yangu aende masomoni mbali na kuniachia mwanawe, kila asubuhi nilikuwa nampeleka mtoto kwa jirani na moyo unabaki mlangoni kwa watu. Sasa nitashinda naye kutwa. Nani kama mimi?

Naandika humu kwa sababu nimezoea kusimuliana na mwenzangu wa meza ya pili. Simu ikiisha tu, tunageuziana viti tunacheka. Hapa wa kugeuziana naye kiti ni mjukuu wangu peke yake. Jina la nyumbani tumempa Chiriku, kwa ajili ya mdomo wake. Hajafika miaka mitatu, maneno yenyewe bado ni vipande vipande, "bibi", "maji", "nipe", lakini anavyovimwaga utadhani anahutubia mkutano.

Machi 5, Jumatano

Siku ya kwanza, aibu ya kwanza. Kuna mteja wetu mmoja mwenye dobi, sisi tunamwita Dobi tu. Maji yakikatika mtaani kwake, nguo za watu zinabaki na povu, na hasira zake zote zinakuja sikioni mwangu. Leo alipopiga, Chiriku alikuwa anapiga sufuria na mwiko na kuimba.

"Dada," akasema, "hapo ni ofisi ya maji au harusini?"

Nikaomba radhi. Jioni msimamizi akanipigia. Ni kijana, ana sauti kavu ya mtu asiyemaliza chai yake. "Mama, simu zote zinarekodiwa. Mteja akilalamikia kelele, inaingia kwenye faili lako. Mwisho wa mvua wakubwa watakaa na mafaili ndipo waongeze mikataba. Nakwambia mapema usije ukanilaumu."

Nimemwona ana roho ya jiwe. Mungu anisamehe.

Machi 7, Ijumaa

Mvua kwenye mabati. Nilikuwa nasikia wateja kama watu walio chini ya maporomoko, na wao wananisikia hivyo hivyo. Nikazunguka nyumba nzima na kompyuta mkononi natafuta pembe yenye utulivu. Mwisho nikafungua kabati la nguo, nikaingiza kigoda, nikaingia mwenyewe, nikavuta mlango.

Kimya. Nguo zinameza sauti zote. Nimepokea simu za mchana mzima koti la marehemu mume wangu likinigusa bega na gauni langu la kwaya likinifuta uso kila nikiinama. Kuna joto kidogo, lakini wateja wanasema, "Leo nakusikia vizuri, mama."

Machi 8, Jumamosi

Nimemfundisha Chiriku mchezo. Bibi akiingia kabatini, tunaweka kidole mdomoni, hivi, na tunasema ssss. Bibi akitoka bila kusikia kitu, kuna kipande cha biskuti. Nilidhani itachukua wiki. Kaushika siku hiyo hiyo. Nikamrusha juu nikamsifu kama aliyefaulu mtihani wa taifa.

Machi 12, Jumatano

Simu nyingi. Nyumba kimya. Mungu ni mwema.

Machi 16, Jumapili

Lazima niandike ya kanisani. Mchungaji wetu akishika maombi huwa hayaachii, na leo alishika hasa. Aliombea wagonjwa, wasafiri, walio madarakani, na alipoanza tena na wagonjwa, Chiriku akasimama juu ya benchi, akamtazama usoni, akaweka kidole mdomoni. "Ssss."

Kwaya nzima ikaangukia vitabu kwa kicheko. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mlangoni mchungaji akanishika mkono, akasema, "Mama, mke wangu ananitafutia mtu wa kufanya hivyo kwa miaka." Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele.

Machi 20, Alhamisi

Msimamizi kapiga. Simu zangu ndizo safi kuliko za wote. "Sijui unafanyaje, mama." Nikamwambia ni neema ya Mungu. Sikumwambia kuhusu kabati.

Machi 26, Jumatano

Leo nimekasirika, na ninapoandika hivi bado.

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, kaja kututazama. Yeye sauti yake huingia nyumbani kwanza, mwenyewe anafuata. Nilikuwa nimetoka kabatini kumwekea chai, Chiriku akakimbia kumlaki, akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka na goti likachunika. Akakaa pale chini. Machozi yanatiririka mpaka kidevuni, mdomo wazi, na sauti hakuna.

Wifi akaweka kikombe mezani.

"Huyu mtoto ana nini?"

"Ameumia goti, si unaona?"

"Goti naliona. Nakuuliza kwa nini analia kama picha."

"Ametulia tu. Amekua."

"Mtoto hakui kwa kunyamaza, wifi. Lini mara ya mwisho umemsikia akisema neno?"

Nikalitafuta neno hilo, sikulipata. Nikamwambia kwamba yeye na kelele zake hajui mtoto mwenye adabu akoje, na kwamba anayewalisha watu humu ndani ni mimi na kazi yangu. Wifi alimpangusa mtoto goti, akafunga kitambaa, ndipo akasema taratibu, "Mvua zikiisha nitakuja. Akiwa bado yuko hivi, nitamchukua akae kwangu. Kwangu kuna kelele za kutosha."

Ngoma tupu yule, kelele tu. Atamchukua nani? Mjukuu wangu haendi popote.

Machi 27, Alhamisi

Nimejaribu kukumbuka. "Maji" alisema kabla ya kabati. "Nipe" pia. Baada ya kabati sikumbuki neno.

Machi 30, Jumapili

Binti yangu kapiga simu. "Mama, nipe Chiriku wangu." Nikamsogezea mtoto simu sikioni. Alipoisikia sauti ya mama yake uso uling'aa wote, akaitazama simu, akaiwekea kidole mdomoni.

"Mama, mbona simsikii?"

"Anakupungia mkono, mwanangu."

"Sisikii hata pumzi yake."

"Mtandao," nikasema. Nimetoka ibadani na uongo ukaniteleza ulimini kama mafuta.

Aprili 3, Alhamisi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nimempeleka zahanati. Muuguzi ni mama wa rika langu, miwani kwenye kamba, hana haraka. Alimtazama masikio, koo, ulimi. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, Chiriku akageuka. Akamchekesha, mtoto akacheka, ila bila sauti, mabega tu yanacheza.

"Anasikia vizuri," muuguzi akasema. "Ulimi hauna kasoro. Nyumbani mnaongea naye?"

"Mimi? Mimi naongea kutwa nzima, dada. Ndiyo kazi yangu."

"Na nani?"

"Na wateja."

Akavua miwani. "Nimekuuliza kuhusu yeye."

Nikamweleza yote, hedifoni, mabati, kabati, kidole, biskuti. Nilivyokuwa naeleza nilikuwa najisikia mwenyewe. Kila neno jema nililonalo, pole, karibu, nimekuelewa, usijali, linatoka mchana likaenda kwa watu nisiowajua sura, na la mtoto wangu likabaki ssss.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Alisema, "Mama, huyu hajapotea. Amekutii. Ulimwomba kitu kimoja na amekupa chote. Sasa mwombe kingine. Ongea naye, umngoje, akijibu kwa jicho mjibu kwa mdomo. Na usimlipe tena kwa kunyamaza."

"Na kazi?"

"Kazi siijui. Mtoto ndiye niliyemwona."

Njia nzima nimembeba mgongoni kwenye manyunyu, nikimwonyesha kila kitu na kukitaja. Gari. Mbwa. Dimbwi. Mwavuli wa yule mzee umegeuka. Watu wananitazama. Nikawaza kuhusu wifi. Yeye ndiye aliyeona kwa dakika moja, nami nikamwita ngoma tupu humu humu. Sitaifuta sentensi hiyo, iniaibishe.

Aprili 4, Ijumaa

Niliomba, kisha nikampigia msimamizi kabla sijapoa.

"Baba, kuanzia leo mtoto wangu hatanyamaza. Nitaacha mlango wa kabati wazi. Akilia atalia, akiimba ataimba. Mkiniandikia faili niandikieni. Nimeona nikwambie mwenyewe."

Kabla hajajibu nikasikia mwangwi wa ajabu, na tone la maji, na kwa mbali mtoto mchanga analia kwa nguvu zote.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Niko bafuni, mama."

"Unafanya nini bafuni?"

"Kazi. Tangu Machi. Tuna mtoto wa miezi minne, na hapa ndipo hasikiki. Nimekaa kwenye ukingo wa beseni, kompyuta iko juu ya ndoo."

Nikamwambia mimi niko kabatini. Tulicheka, jamani, tulicheka mpaka mkewe akagonga mlango kuuliza kama yuko salama. Huyu ndiye niliyemwandika kuwa ana roho ya jiwe.

Alipotulia akasema, "Wakubwa wakisoma mafaili siwezi kuwaficha malalamiko, mama. Yakiwepo yatasomwa. Lakini mwache aongee."

Aprili 7, Jumatatu

Utaratibu mpya. Chiriku anakaa mlangoni mwa kabati kwenye mto. Kila mteja namwambia kwanza, "Nina mjukuu hapa, ukimsikia usishangae." Simu ikiisha namgeukia yeye, namsimulia. "Yule mama bomba lake limepasuka, maji yameingia chumbani, viatu vinaelea." Namngoja. Ananitazama. Kidole kinapanda mdomoni, nakishusha taratibu nakibusu.

Hajasema.

Aprili 9, Jumatano

Mvua. Hajasema.

Aprili 10, Alhamisi

Mvua. Hajasema. Dobi kapiga, tayari amepandisha hasira, "Leo nina mashuka ya hoteli nzima kwenye povu," nikamwambia habari ya mjukuu kama kawaida.

"Yule mwenye sufuria?" akauliza.

"Ndiye huyo. Amenyamaza, najaribu kumrudisha aongee."

Akakohoa. "Basi mwambie Dobi anasema sufuria ilikuwa na mdundo mzuri."

Nimemwambia. Chiriku alicheka kwa mabega.

Aprili 13, Jumapili

Nimemwendea wifi, nikamwomba radhi mlangoni kabla hajanikaribisha. Akasema, "Ingia, unaloweka." Hakutaka kunisikia nikijishusha. Ila kuhusu kumchukua mtoto hajarudi nyuma hata hatua. "Nilisema mvua zikiisha. Sikusema kwa hasira, wifi. Nilisema kwa sababu na yeye ni mjukuu wa ndugu yangu."

Kuanzia sasa atakuja kila Alhamisi kukaa na Chiriku.

Aprili 17, Alhamisi

Wifi kaja. Wameimba. Yaani ameimba yeye. Jirani katuma mtu kuuliza kama kuna msiba.

Aprili 22, Jumanne

Mvua ya leo sijaiona miaka mingi. Bomba kuu limepasuka, kila mtu mjini kapiga simu, na wote wamenipata mimi. Paa linavuja juu ya kitanda. Nilikuwa nahamisha beseni kwa mguu huku nachukua namba za mita. Katikati ya hayo Chiriku kaangusha rafu ya vyombo, mlio wake ulifika mpaka kwa mteja, mwanamke mmoja anayejisikia, na amelalamika rasmi. Kesho nikiamka sijui kama nina kazi.

Nimemwambia Chiriku, "Vyombo vimeanguka. Vimesema kwaa." Nikangoja. Akafungua mdomo. Niliiona pumzi inaingia. Ikatoka peke yake.

Aprili 23, Jumatano

Kazi ninayo bado, kwa leo. Hajasema.

Aprili 30, Jumatano

Mvua zinapungua. Wengine wanashangilia. Mimi kila nikiona anga linafunguka nahesabu siku alizobakiza Chiriku kwangu.

Mei 6, Jumanne

Nitaandika polepole nisikose kitu.

Asubuhi wifi kapiga: mvua zimeisha, Alhamisi hii hatakuja, atakuja Jumamosi na begi la nguo za mtoto. Hakusema kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa chini, na hilo liliniumiza zaidi. Nikaingia kazini na uso mzito. Mchana mteja mmoja alinitukana matusi ambayo sitayaandika mahali ninapoandika jina la Mungu, kisa bili ambayo hata sihusiki nayo. Nikamjibu kwa adabu mpaka mwisho, nikamshukuru, nikavua hedifoni, nikatoka kabatini. Nilifika jikoni. Nikakaa chini nimeegemea pipa la maji, nikalia, tena kwa sauti, kilio cha miezi yote hiyo.

Nikasikia vidole vidogo gotini.

Chiriku alikuwa mbele yangu amechuchumaa. Kichwani amevaa hedifoni yangu, kinyume, kipaza sauti kiko kwenye sikio. Akanipapasa goti. Akainamisha kichwa pembeni, kama ninavyofanya mimi nisipomsikia mteja vizuri.

"Pole sana," akasema. "Namba ya mita?"

Nikajifuta macho kwa kiganja.

"Namba ya mita, bibi?"

Nikamtajia. Mita ya nyumba hii, ninaijua kama jina langu, nikamtajia tarakimu zote, moja moja, huku kamasi zinanishuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Usijali. Fundi anakuja."

Akanikumbatia shingo na hedifoni ikaniumiza taya na sikujali.

Kumbe kila siku pale kwenye mto wake alikuwa anasikiliza. Nilidhani maneno yangu mema yote yamekwenda kwa wageni. Alikuwa anayaokota nyuma yangu, anayaweka akiba, na siku aliyoona mtu wake amepasuka, akayatoa.

Bwana, sina la kukupa. Nimepiga magoti pale pale jikoni, na yeye akapiga.

Mei 7, Jumatano

Maji. Nipe. Sitaki. Sufuria. Mita. Bibi njoo. Bibi nenda. Fundi anakuja. Hii nini? Hii nini? Hii nini? Tangu saa kumi na mbili asubuhi. Sikio langu limechoka na roho yangu inaruka.

Binti yangu kapiga. Sikusema kitu, nilimpa mtoto simu. "Karibu," Chiriku akasema. Nilisikia upande wa pili kiti kimeanguka.

Mei 10, Jumamosi

Wifi kagonga mlango. Chiriku akanitangulia, akajinyoosha mpaka kwenye kitasa, akafungua. Wifi alikuwa amesimama na lile begi.

"Shida yako nini?" Chiriku akamuuliza.

Akanitazama, nikaitikia kwa kichwa. Akajiachia akakaa kizingitini pale pale, kanga yote kwenye tope, akajibu kwa heshima zote, "Shida yangu, mama, nilikuja kuchukua mtu. Sasa naona mwenyewe yupo kazini."

"Namba ya mita?"

"Sina mita, mama. Nachota kisimani."

Chiriku akamfikiria. "Pole sana."

Tulicheka mpaka wifi akaanza kulia, na hapo ndipo akaniambia alikuwa amekwisha kutandika kitanda, na shuka la vipepeo alilolishona mwenyewe. Nilikuwa nimeona begi tu. Sikuwa nimefikiria kitanda. Nikamwambia kitanda kisitanduliwe, Chiriku atakwenda kwake kila likizo yangu, na leo yeye alale hapa. Tumekula tukiwa watatu, na wawili kati yetu hawajui kunong'ona.

Mei 15, Alhamisi

Msimamizi kapiga. "Mama, leo nazungumza nikiwa sebuleni," akasema, na kweli mtoto wake alikuwa anapiga kelele karibu kabisa na simu, hakuna aliyemzuia. Wakubwa wamekaa na mafaili. Langu lina lalamiko la rafu ya vyombo, na lile la harusini. Halafu lina watu waliopiga ofisini wenyewe kuulizia kama mjukuu wa mama wa maji ameshaongea. Mmoja alipiga mara nyingi mpaka wakamzoea.

"Dobi," nikasema.

"Dobi. Alimwambia mkubwa kwamba akikuondoa, nguo zake zinabaki na povu. Kumbe mkubwa mwenyewe anafulisha nguo kwa dobi huyo huyo, mama. Mkataba wako umeongezwa. Na paa likiisha kutengenezwa, anayetaka kubaki nyumbani atabaki."

Nimeitoa kompyuta kabatini, nimeiweka mezani dirishani. Koti la marehemu nimelipiga pasi nikalirudisha mahali pake. Limenitunza msimu mzima.

Mei 18, Jumapili

Jua. Ibada ya shukrani kwa mvua zilizotuacha salama. Tumekaa mstari wa mbele, mimi, wifi, na Chiriku katikati amesimama juu ya benchi.

Mchungaji akashika maombi. Aliombea mabomba, mapaa, barabara, wagonjwa, wasafiri, akawarudia wagonjwa. Nikaona anamtupia Chiriku jicho moja, kama mtu anayengoja kidole. Chiriku alikuwa ameyafumba macho yake kwa nguvu zote, mikono kifuani. Mchungaji akafika mwisho, akavuta pumzi ya kusema amina, na kanisa zima likawa kimya kabisa.

"Asante kwa kupiga simu," Chiriku akamwambia Mungu, kwa sauti iliyofika mpaka nje. "Siku njema."

Wifi akaitikia amina kabla ya mchungaji. Kwaya ikafuata. Watu walikuwa wanacheka na kufuta macho, na wote wakageuka kunitazama mimi nitafanya nini.

Mikono yangu ilibaki magotini. Nikamwambia, na sikunong'ona, "Sema tena, mama. Sema kwa nguvu."